Lebo kwa Penseli

Amekuja Ambilikile, fundi baiskeli wa Isongole,
suruali imelowa hadi magotini, mvua ya Rungwe haina adabu.
Anaweka mezani kikopo cha viraka.
"Mwalimu, wa leo si fukusi."

Mimi si mwalimu. Miaka ishirini na sita
nilikagua maghala ya mahindi, Makambako hadi Tunduma,
nikamjua skania kwa unga anaoacha,
nikamsikia kwa kutega sikio kwenye gunia.
Nilijifunza majina ya wadudu ili wauawe.
Nimestaafu; sasa watu wananiletea wadudu ili waitwe.

Wanakuja na viberiti, na chupa za dawa ya kikohozi.
Tusajigwe, mchuma chai wa Katumba:
dundu wa kijani ndani ya pindo la kanga, kafungiwa kama nauli.
Kijana wa sekondari: mbawakawa wanane kwenye daftari la hesabu,
kawabandika kwa gundi, maskini, miguu haihesabiki.
Namwambia, gundi hapana. Andika siku. Andika mahali.
Andika ulimkuta chini ya nini.
Mdudu asiye na mahali
ni kifungo kilichodondoka shatini.

Nafungua kikopo.
Kati ya viraka na valvu mbili amelala chali,
mweusi wa sufuria ya kuni,
mabegani madoa mawili, rangi ya chai ya rangi.
Navuta lenzi. Nje migomba inapigwa, inainama, inapigwa.
Naufuata ufunguo swali kwa swali, kama mgeni anayeulizia njia:
Nyayo zina pingili tano? Tano. Pita kushoto.
Mbawa za juu zina mifereji? Zinayo, imejaa vumbi la mti uliooza.
Vipapasio vina pingili ngapi?
Cha kulia, kumi na moja.
Cha kushoto, tisa.
Narudia. Tisa.
"Kimekatika," nasema.
"Au ndivyo alivyo," anasema Ambilikile,
ambaye maisha yake yote ameona baiskeli za pedali moja
zikifika sokoni na mzigo wake.

Ukurasa wa mwisho wa ufunguo unanitoa nje ya mlango.
Asiyekujua hakuthamini, ndivyo tulivyofundishwa;
huyu simjui, na tangu saa nne sijagusa uji wangu.

Nachonga penseli
(wino hulewa kwenye spiriti, ukatapika maneno),
naandika herufi ndogo kama mayai ya chawa:
Isongole. Ndani ya gogo la podo. Machi, mvua. A. Mwangoka.
Halafu, chini yake: Hajulikani.

Anasoma juu ya bega langu, midomo ikisogea.
"Hajulikani na nani?
Bibi alikuwa na jina lake. Akipasua kuni,
huyu akidondoka, alimwita kwa Kinyakyusa, jina refu
lenye kicheko katikati,
akamrudisha kwenye ganda, ndipo ainue tena shoka.
Nilikuwa na miaka sita.
Nililicheka jina. Sikulishika."

Mabati yanasema peke yao.
Anajaribu: silabi moja inakuja,
inasimama mlangoni, inarudi mvuani.

Nachukua kifutio.
Nafuta Hajulikani, karatasi inabaki na kivuli chake,
na juu ya kivuli naandika
Alijulikana.

"Mama mkubwa yuko hai, Masoko," anasema, akivaa koti la nailoni.
"Hasikii vizuri. Jumamosi nitaenda nikampigie kelele."
Anaomba ambebe mdudu, akamwone kwa macho.
Namkatalia.
Namtandikia pamba ndani ya kikopo, taratibu,
namkabidhi kwa mikono miwili:
"Pingili kumi na moja za kulia. Nitazihesabu akirudi."

Anaondoka, tope likimvua kiatu kimoja karibu na lango.
Nabaki mezani na uji wa baridi, valvu mbili alizozisahau,
na lebo isiyo na mdudu.